Gari Limefika, Plagi Imebaki Yokohama

Wewe uliye barazani Ngamiani na kikombe cha kahawa mkononi, wewe dereva uliyeegesha Korogwe ukingoja abiria wamalize kula, na wewe wa Pangani unayenisikia na kunipotea kila upepo unapogeuka, karibuni nyote. Leo nataka tuzungumze juu ya tundu.

Nianzie nyumbani. Mpwa wangu ameagiza gari Japani. Hilo si ajabu, mji wetu huu wa Tanga unatembea kwa mitumba ya Japani, na tangu gati letu liongezwe kina meli kubwa zinafunga ukutani, hazipakuliwi tena kwa matishari huko nangani. Ajabu ni gari lenyewe. Ni Nissan Leaf, la umeme mtupu, halina tangi wala bomba la moshi. Lilipofika akaniita nikalitazame. Akabonyeza kitufe, kifuniko cha puani kikafunguka, na ndani mna matundu mawili, moja kubwa na moja dogo, kama macho ya kinyonga, kila moja linatazama kwake.

"Mjomba, lipi ndilo?"

"Yote mawili ndiyo."

"Na plagi yake?"

Plagi ilikuwa kwenye buti. Waya mnene, mrefu. Kichwa cha upande mmoja kinaingia vizuri katika tundu dogo. Upande wa pili kuna plagi ya Kijapani ya volti 200, ambayo ukizunguka nayo kutoka Raskazone mpaka Pongwe hupati ukuta wa kuichomeka. Gari limefika, plagi imebaki Yokohama.

Akaitwa fundi. Fundi wetu hana "siwezi". Akaikata ile plagi, akafunga hii yetu ya pini tatu bapa, akachomeka, taa zikawaka, watoto wa mtaa wakapiga makofi. Saa sita usiku simu ikalia: "Mjomba, soketi inanuka." Nikamwambia azime swichi kubwa kwanza, maswali tutaulizana asubuhi.

Asubuhi tukaulizana. Plagi yetu imeandikwa amp 13, na maandishi hayo si uongo. Inazibeba hizo amp kwa pasi na kwa birika. Lakini pasi ikipata moto inajikata, na birika ni dakika chache tu. Gari linavuta usiku kucha bila kupumua. Hata ukilipunguzia mpaka amp 10 unapata kilowati 2.3, na betri ya Leaf za mwanzo ni yuniti 24, kwa hiyo ni saa kumi na zaidi za kuvuta mfululizo kupitia vipande vyembamba vya shaba ndani ya soketi uliyonunua kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi. Tena hapa pwani chumvi ya bahari imekwishavila vipande hivyo kabla hujachomeka kitu. Anayetaka kuchajia gari nyumbani aweke laini yake peke yake kutoka kwenye mita, waya mnene, na kikatio chake. Jambo hilo nalisema mara moja tu, na mwenye kusikia amesikia.

Faida yake ipo, nisiikatae. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mteja wa kundi T1 analipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Ukiziongeza unakaribia 360. Kujaza betri ile nzima hakufiki shilingi 9,000, fedha ambayo kwa miaka hii ya karibuni ukienda nayo sheli unarudi na lita tatu na matone. Na umeme wenyewe sisi watu wa Tanga tuna haki ya kuringa nao. Maporomoko ya Pangani yanazalisha umeme tangu miaka ya 1930. Hale ikafuata mwaka 1964 kwa megawati 21, na katikati ya miaka ya 1990 mtambo mpya wa Pangani ukaja na megawati 68. Leo Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lina mashine tisa na megawati 2,115. Umeme upo. Kinachotusumbua ni namna ya kuufikisha ndani ya gari.

Maana mpwa wangu sasa anataka kwenda Dar es Salaam. Ni kilometa 350 hivi. Leaf yenye betri ya yuniti 24, iliyokwishatumika miaka kumi Japani na kupungukiwa nguvu, ukiiendesha kwa adabu na kiyoyozi umezima, itakupa kilometa mia moja, labda na kidogo juu yake. Atafika Segera na akiba. Kutoka Segera mpaka Chalinze ni zaidi ya kilometa 170, na hapo katikati hakuna wa kumsaidia. Hawezi kuomba soketi ya mgahawa Mkata akakaa saa kumi. Hapo ndipo linapoingia lile tundu kubwa.

Nikueleze tofauti yake kwa lugha ya mtaani. Umeme wa ukutani ni AC, na betri inakula DC tu, kwa hiyo lazima mtu aubadilishe. Ukichomeka kwenye tundu dogo, anayeubadilisha ni gari lenyewe, kwa kifaa kidogo kilicho ndani yake, na katika Leaf kifaa hicho ni cha kilowati 3 au 6. Mpe transfoma ya mtaa mzima, bado atakunywa kwa mrija. Ukichomeka kwenye tundu kubwa, kazi ya kubadilisha imekwishafanyika nje, ndani ya kabati lililosimama kando ya barabara kama jokofu la soda, na DC inamiminwa moja kwa moja betrini. Kabati la kawaida la aina hiyo ni la kilowati 50. Betri ya Leaf hiyo inafika asilimia 80 kwa muda wa nusu saa, kisha inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo dereva mwenye akili hangoji ijae.

Nusu saa. Wajapani walilijua hilo, wakaliita tundu lao CHAdeMO. Ni jina la kuungaunga la mambo ya kiufundi, lakini kwa Kijapani lina mzaha ndani yake, kwani linasikika kama mtu anayekukaribisha chai. Chaji gari, wewe ukanywe chai. Umoja unaolisimamia ulianzishwa mwaka 2010, Toyota, Nissan na Mitsubishi wakiwemo pamoja na kampuni ya umeme ya Tokyo, na mwishoni mwa mwaka huohuo Leaf ya kwanza ikaingia sokoni. Nimelipenda jina hilo. Hakuna mtu wa Tanga atakayekataa umeme unaokuja na chai.

Tatizo ni kwamba si wote wanaokunywa chai hiyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2014, uliamua kwamba vituo vya hadhara vitumie Taipu 2 kwa umeme wa AC na CCS kwa ule wa haraka. China ina tundu lake, GB/T. Marekani, Tesla ilikuwa na la peke yake, na Novemba 2022 ikaufungua mchoro wake kwa wote. Mwaka uliofuata Ford wakaanza kulifuata, na wengine nyuma yao. Kila moja lina umbo lake, na hakuna linaloingia katika jingine.

Najua mtu mmoja huko amekwishasema, "Si kuna adapta?" Enzi zile za simu za betri ya kuchomoa tulikuwa na chaja tuliyoiita kobe. Unalibana betri lolote, la Nokia au la simu isiyojulikana baba yake, unasogeza zile pini mpaka zigusane, taa inawaka, umemaliza. Kwa umeme wa taratibu, wa AC, hata magari yana kobe wao. Waya wenye Taipu 2 upande mmoja na Taipu 1 upande wa pili, hiyo Taipu 1 ndiyo lile tundu dogo la Leaf, ni nyaya tu ndani yake, unatengenezwa na kuuzwa bila shida. Lakini DC ni jambo jingine. Kabati na gari haviunganishwi kwa shaba peke yake, vinazungumza. Kabla hata tone halijapita vinaulizana: betri yako ya volti ngapi, ina joto gani, nikupe kiasi gani, nikate lini. CHAdeMO na GB/T huzungumza kwa jozi ya nyaya zake maalumu, kwa lugha ileile inayotumika ndani ya magari. CCS hunong'ona juu ya waya wa ishara, kwa lugha nyingine kabisa. Adapta ya hapo lazima iwe mkalimani, kompyuta ndogo ndani ya kichwa cha plastiki, na bei yake ni mamia ya dola. Mkalimani akikosea neno kwenye volti 400, haiungui betri ya Nokia pale.

Msikilizaji, niruhusu nitoke barabarani kidogo nipande reli. Mjini kwetu ndiko reli ya nchi hii ilikoanzia. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika kutoka bandarini, wakapita Muheza, Korogwe, Mombo, na mwaka 1911 wakafika Moshi. Upana wa reli yao ulikuwa mita moja. Ng'ambo ya mpaka, Mwingereza naye alikuwa ametandika yake kutoka Mombasa, nayo ya mita moja. Watu hawa hawakuwa marafiki. Novemba 1914 walipigana hapahapa Tanga, mpaka nyuki wakaingilia kati. Lakini Waingereza walipovuta reli ya vita kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe, ile reli ya adui ikawapokea bila neno. Chuma kilikutana na chuma. Mwaka 1963 kikajengwa kipande cha kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, na Tanga ikaungana na Reli ya Kati kwa sababu ileile, mita moja kwa mita moja.

Sasa nenda Kidatu. Pale Reli ya Kati inakutana na TAZARA. Inakutana nayo, haiungani nayo. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, kwa sababu ilijengwa iende Zambia, na Zambia pamoja na kusini yote inatumia upana huo. Waliochagua hawakuwa wajinga, walitazama walikokuwa wanakwenda. Reli ya Kati nayo ilitazama ilikotoka. Tofauti yake ni milimita 67, vidole vinne vya mtoto, na kwa ajili ya vidole hivyo ikabidi kijengwe kituo kizima pale cha kupakua mzigo kutoka behewa hili na kuupakia katika behewa lile.

Plagi za magari zinafuata mkondo huohuo. Hakuna anayekaa kuchagua tundu. Tundu linakuja na gari, na gari linakuja kutoka kule bei iliko nzuri. Leo bei nzuri ya mtumba iko Japani, na usukani wa Japani uko kulia kama wetu, kwa hiyo tunapata CHAdeMO. Bei nzuri ya gari jipya la umeme iko China. Gari lililotengenezwa kwa soko la China kwenyewe linakuja na GB/T. Lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, aghalabu linakuja na CCS ya Ulaya. Yanaweza kuwa jina moja, rangi moja, viti vilevile, ila tundu mbalimbali, na dalali hakwambii. Tazameni Ethiopia: Januari 2024 nchi hiyo ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi, magari ya Kichina yakamiminika, na GB/T ikaja nayo.

Kuna jambo la kuchekesha hapa, ingawa si la kucheka. CHAdeMO tunayoipokea leo, wenyewe wanaiacha. Nissan haohao walipotoa gari lao la umeme la Ariya barani Ulaya mwaka 2022 waliipa CCS, na Leaf mpya ya Ulaya nayo imefuata njia hiyo. Waendeshaji wa vituo huko wanaweka makabati ya kilowati 150, hata 350, na kichwa cha CHAdeMO wanakiacha nje ya mchoro. Kwa hiyo makabati yao ya zamani ya kilowati 50, yenye vichwa viwili, CCS na CHAdeMO, yanang'olewa. Na kitu kiking'olewa Ulaya, mnajua wenyewe kinaanza safari ya kwenda wapi.

Mimi simo katika kundi la wanaodharau mtumba. Suti niliyoolea ilikuwa mtumba. Kwa barabara ya Segera, kabati la kilowati 50 lenye vichwa viwili, likiwa zima na vipuri vyake vipo, linatufaa kuliko mnara wa kilowati 350. Tazama ile transfoma iliyoning'inia kwenye nguzo kijijini kwenu. Zilizofungwa vijijini na mradi wa REA nyingi ni za kVA 50, nyingine 100 au 200. Kabati moja la kilowati 50 likiwashwa limeila transfoma ndogo nzima, na taa za kijiji zinabaki zinapepesa. La kilowati 350 linataka kituo chake kidogo cha umeme na laini ya msongo wa kati. Nani atalilipia hilo pale Mkata, kwa magari matano kwa juma? Tena Leaf hizi za mtumba hazina maji ya kupoza betri, zinategemea upepo tu. Mwaka 2018 wenye Leaf za yuniti 40 Ulaya walilalamika kwamba chaji ya pili ya siku ile ile inakwenda polepole kwa sababu betri imepata joto, na huko ni Ulaya. Hapa Februari, kaskazi inapuliza na lami inayeyuka, mwendo tunaouhitaji hautatokana na ukubwa wa kabati.

Kwa hiyo wakubwa wakisema "kuboresha mtandao wa vituo vya chaji ya haraka", mimi naomba tusielewe mnara mrefu zaidi. Kwetu kuboresha ni kuhesabu vichwa. Kila kituo cha hadhara kitakachopewa leseni kiwe na vichwa viwili vya DC, CCS na CHAdeMO, na pembeni tundu la Taipu 2 kwa wenye haraka ndogo. Vituo viwe Segera, Mkata, Msata au Chalinze. Upande wa kaskazini viwe Horohoro na Same. Kule anakolala mgeni, Pangani, Lushoto, Raskazone, tundu la taratibu linatosha, kwani gari linalala na mwenyewe. Na kwa wa Lushoto kuna zawadi: ukishuka kilometa 33 zile za kuelekea Mombo, gari la umeme linageuza breki kuwa chaji, unafika chini na betri iliyoongezeka. Mteremko huo wa Soni ndio sheli pekee ninayoijua inayokulipa wewe.

Na GB/T? Hapo mimi ni mgumu. Tusijenge kituo cha tundu la tatu. TBS, ambao wanapima breki na matairi ya magari yanayoingia nchini, waongeze mstari mmoja kwenye karatasi yao: gari jipya la umeme lije na CCS, na mtumba wa Japani uruhusiwe na CHAdeMO yake kwa miaka maalumu inayojulikana na wote. Mwenye duka la magari ya China anaweza kuagiza toleo la nje. Lipo, anaokoa fedha tu asipoliagiza. Najua kuna watakaosema nawanyima watu gari la bei nafuu. Gari nafuu lisiloweza kuvuka Segera ni la nyumbani, na wa nyumbani alichaji nyumbani.

Kenya wametutangulia katika karatasi. Mwaka 2023 mamlaka yao ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi zao 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 saa za usiku ambazo mitambo imelala, kisha ikatoa mwongozo wa vituo vya kuchajia na vya kubadilisha betri. Rwanda mwaka 2021 waliondoa kodi kwenye magari ya umeme na vifaa vya kuchajia. Hatuna haja ya kuwaiga neno kwa neno. Lakini kutoka hapa mpaka Horohoro ni kilometa 65, na ng'ambo ni Lunga Lunga. Mtu wa Mombasa atakuja harusini Tanga na gari la umeme, na kichwa atakachokikuta huku kiwe kilekile alichokiacha kwake. Hayo yanazungumzika Arusha, kwenye Jumuiya, na yanazungumzika vizuri wakati magari bado machache.

Nimesikia pia hoja ya upande mwingine, tena kutoka kwa mtu ninayemheshimu: "Magari yenyewe yako wapi? Mpwa wako peke yake?" Ndugu yangu, gesi imetufundisha. Dar es Salaam watu walibadilisha magari na bajaji zao kwenda gesi kwa maelfu, vituo vikabaki vya kuhesabu kwa vidole, na foleni zikawa za saa nyingi, dereva analala kwenye usukani. Kule magari yalivitangulia vituo. Na hapa Tanga umeme hautaingia kwa Leaf, utaingia kwa bodaboda na bajaji, ambazo zina ugonjwa uleule: kila kampuni na betri yake ya umbo lake, inayoingia katika kabati lake tu. Mji wa baiskeli kama huu wetu unajua faida ya kitu kinachooana. Mpira wa baiskeli unanunua duka lolote la Ngamiani, hakuna anayeuliza baiskeli yako ya kampuni gani.

Tena nchi hii imewahi kulifanya jambo hili vizuri, na kwa fedha za watu, ambako ni kugumu zaidi. Mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kukubali kutumiana fedha, Tigo na Airtel na Zantel, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Kabla ya hapo wenye biashara walitembea na laini tatu mfukoni. Ndiyo maana nakereka nikiona huko nje dereva ana kadi sita na programu nane kwenye simu, kila kituo na yake. Hapa kituo kilipiwe kama LUKU: weka namba, lipa kwa simu yoyote, umeme utoke. Na mashine iwe ya lugha ya wazi, ile wanayoiita OCPP, ili kampuni ikifa kituo kisife nayo. Marekani, Oktoba 2024, kampuni ya chaja ya Enel X Way ilifunga shughuli zake, na wenye chaja zake waliachwa wakihangaika na programu isiyo na mwenyewe. Nairobi ilikuwa na teksi za umeme za NopeaRide tangu 2018. Mwaka 2022 zikaishia. Kampuni zinakuja na kuondoka. Lile kabati la Segera inabidi libaki.

Mpwa wangu bado hajaenda Dar. Laini mpya imevutwa, soketi mpya imefungwa, anachaji usiku na asubuhi anakwenda Muheza kuchukua machungwa, anarudi na akiba ya betri. Ameridhika, ingawa kila akikutana nami ananiuliza Segera wataweka lini.

Na wewe unayesikiliza sasa hivi huku unatazama picha za magari kwenye simu, usimtumie muuzaji hata shilingi kabla hajakupigia picha ya pua ya gari kifuniko kikiwa wazi. Hesabu matundu. Uliza ni ya aina gani. Kisha muulize betri imebaki mistari mingapi katika ile kumi na miwili. Asipojibu, mwache nalo. Usiku mwema.